Kitabu kikishabatizwa, nani anamuuliza mwandishi?

Mji wa Uvira umo ndani ya vitabu tangu mwaka 1860. Ndiyo mwaka ambao Mwingereza Richard Burton alichapisha huko London kitabu chake juu ya maziwa ya Afrika ya kati, na humo kuna siku chache za mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei 1858 alizozipitisha hapa kwetu pamoja na mwenzake John Speke. Walikuwa wametoka Ujiji kwa mitumbwi miwili. Walitaka kujua jambo moja: mto Rusizi unatoka ziwani, au unaingia ziwani? Kama ungekuwa unatoka, wangerudi Ulaya na habari kubwa juu ya chanzo cha Nile. Wana watatu wa mtawala Maruta walikuja kuwaona, na wakawaambia kitu ambacho mtoto yeyote wa Kavimvira anakijua hadi leo: Rusizi inaingia. Wapiga makasia walikataa kusonga mbele, Burton alikuwa na vidonda vya ulimi hata kusema kulikuwa shida, na msafara ukageuka bila kuuona mdomo wa mto. Ilibidi Livingstone na Stanley waje mwezi Novemba 1871, waangalie kwa macho yao, waandike kwamba Rusizi inaingia.

Wale vijana watatu wa Uvira walikuwa wamesema ukweli miaka 13 mbele. Lakini kitabu kilitoka mbali nao, katika lugha isiyo yao, na hakuna siku ambayo mwandishi alikaa mbele yao ili wamuulize: kwa nini uliandika hivi na si vile?

Tangu wakati ule, wengi wameandika juu ya ukingo huu wa ziwa. Che Guevara alivuka kutoka Kigoma mwezi Aprili 1965 akaingia kwenye milima ya Fizi, akakaa huko hadi Novemba, akipewa jina la Kiswahili, Tatu. Aliandika kitabu kizima juu ya miezi ile, kitabu kinachokiri kushindwa, na ambacho kilichapishwa zaidi ya miaka 30 baadaye. Baraka na Fizi zimo. Wazee wa Baraka na Fizi hawakuketi kamwe kwenye ukumbi kusikiliza kurasa zake na kusahihisha. Watafiti, waandishi wa habari wa kigeni, wafanyakazi wa mashirika, wote wamepita na madaftari yao, kwa mafuriko, kwa kipindupindu, kwa vita. Ripoti zinaandikwa. Wanaoandikwa hawaulizi kitu.

Tunaandika haya kwa sababu siku hizi kuna habari nzuri ambayo haisemwi sana: waandishi wenyewe sasa ni wa hapa. Kuanzia Uvira hadi Bukavu na Goma, vijana wanaandika mashairi, riwaya fupi, vitabu vya ushuhuda, vitabu vya maombi, vitabu vya kufundisha biashara. Wengine wanapiga chapa Bujumbura, wengine Kampala, wengine wanakwenda kwenye duka la fotokopi wanafunga kurasa kwa waya. Ubora haulingani, na hilo si ajabu. Jambo la maana ni kwamba mtu aliyeandika juu ya Mulongwe anaweza kukutana na msomaji wake sokoni Mulongwe. Burton hakuwa na hatari hiyo.

Sasa tuangalie tunachofanya na bahati hiyo.

Kila msomaji wetu aliyekwisha kualikwa kwenye kutolewa kwa kitabu anajua utaratibu. Tunaita kubatiza kitabu. Kadi inasema saa nane. Saa tisa na nusu viti vya mbele bado vinangoja wakubwa. Wanapofika, wimbo wa taifa, maombi, neno la kukaribisha, neno la mwakilishi, neno la mwakilishi wa mwakilishi. Halafu baba wa ubatizo na mama wa ubatizo wanainuka, kitabu kinafunguliwa utepe, kinanyunyiziwa maua au kinywaji, watu wanapiga vigelegele. Kisha mnada: nakala ya kwanza dola mia, ya pili hamsini, na mwenye kipaza sauti anataja majina ya wanunuzi ili kila mtu ajue nani katoa nini. Picha. Fanta. Tunarudi nyumbani.

Hatusemi ni vibaya. Kupiga chapa kunakula pesa, na mnada ule mara nyingi ndio unaomrudishia mwandishi deni la mpiga chapa. Furaha nayo ni haki ya mtu aliyekaa miaka miwili akiandika usiku kwa mwanga wa tochi ya simu. Lakini angalieni kilichokosekana katika saa tatu zile. Hakuna aliyesoma hata ukurasa mmoja kwa sauti. Hakuna aliyeuliza kilicho ndani. Mnunuzi wa nakala ya dola mia anakwenda nayo ofisini, anaiweka juu ya kabati pamoja na kalenda za benki, na mwaka ujao ungali unaweza kuikuta na utepe wake. Kitabu kimebatizwa na kuzikwa siku moja.

Katika miji mingine kuna desturi tofauti, na ndiyo tunayotaka kuizungumzia: mwandishi anakaa kwenye kiti, mbele ya watu waliosoma kitabu chake au walau sehemu yake, mtu mmoja anaongoza mazungumzo, mwandishi anasoma kurasa mbili tatu, kisha anaulizwa. Saa moja, saa moja na nusu. Tamasha za vitabu duniani zimejengwa juu ya kitu hicho kidogo. Muziki, maonyesho na maduka ya vitabu vinazunguka pale pembeni, lakini mwili wenyewe wa tamasha ni mtu aliyeandika na mtu anayemuuliza.

Tena wasidhani watu kwamba jambo hili linahitaji mji mkubwa. Hay-on-Wye, huko Wales, ni kijiji tu kwa kipimo chetu, wakaaji wake hawafiki 2,000. Tamasha yake ilianza mwaka 1988 na leo inajulikana dunia nzima. Saint-Malo, Ufaransa, ni mji wa bandari. Mwaka 1990 mwandishi Michel Le Bris na wenzake walianzisha pale tamasha ya vitabu vya safari na dunia, na Februari 2013 tamasha hiyo hiyo ilikuja hadi Brazzaville, ikiongozwa na Le Bris pamoja na Alain Mabanckou. Bandari na vitabu vya safari vinaelewana. Na sisi tuna Kalundu, ijapokuwa kwa miaka hii ya karibuni ziwa limepanda hata kuingia kwenye maghala.

Lakini hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano. Vukeni mpaka. Kutoka Kavimvira hadi Bujumbura, mpaka ukiwa wazi, ni safari ya chini ya saa moja. Pale, mwaka 2010, kundi dogo la vijana wanaopenda kuandika, wakiwemo Roland Rugero na Ketty Nivyabandi, walianza kukutana kila alhamisi jioni. Waliita mkutano wao Samandari, jina la yule mjanja wa hadithi za Kirundi anayewachekesha wakubwa huku akiwaambia ukweli. Hawakungoja jengo. Hawakungoja mfadhili wa kuwapa fulana. Mtu anakuja na maandishi yake, anayasoma, wengine wanasema wanachofikiri. Mwaka 2012 Rugero alichapisha riwaya yake Baho!, ambayo baadaye ilitafsiriwa kwa Kiingereza, na Nivyabandi mwaka huo huo aliiwakilisha Burundi London kwenye mkutano wa washairi uliokwenda sambamba na michezo ya Olimpiki. Kikao cha alhamisi ndicho kilichowazoeza kuulizwa.

Gharama yake pia tuitaje, kwa kuwa mazungumzo si mchezo wa watoto. Mwaka 2015, Burundi ilipoingia kwenye misukosuko, Nivyabandi aliongoza maandamano ya wanawake Bujumbura, kisha akalazimika kukimbilia uhamishoni. Nairobi, tarehe 21 Septemba 2013, mshairi mzee wa Ghana Kofi Awoonor aliuawa katika shambulio la Westgate. Alikuwa amekuja kwa tamasha ya Storymoja na alikuwa asome jioni ile ile. Watu wanaokutana kuzungumza juu ya vitabu hawako nje ya dunia ambamo wengine wanapigana.

Hapo ndipo tunasikia sauti ya msomaji: ndugu mwandishi, unatuambia vitabu wakati gani? Goma mwezi Januari 2025, Bukavu Februari, na Desemba ya mwaka huo vita vikafika hapa Uvira. Watu wamekimbia hadi Burundi, wamerudi, wamekuta nyumba bila milango. Mvua ikinyesha kule milimani, kila mtu anayekaa karibu na Mulongwe anakumbuka Aprili 2020 na halali. Tamasha ya vitabu?

Swali ni la haki, na hatulijibu kwa kusema kwamba vitabu vinaleta amani. Hatujaona kitabu kikizuia risasi. Tunasema jambo dogo zaidi. Yaliyotupata katika miaka hii yataandikwa, tupende tusipende. Yanaandikwa sasa hivi, Kinshasa, Kigali, Nairobi, Brussels, na kila mmoja anaandika kwa upande wake. Wazee walisema asiyekuwepo na lake halipo. Tusipokuwa na mahali ambapo mtu wa Kasenga anaweza kusimama akamwambia mwandishi, awe mgeni au mtoto wa mtaa, «hapa umekosea, mimi nilikuwepo», basi habari yetu itabaki kama ile ya Rusizi: wenyeji wanajua, vitabu vinangoja wageni waje kuhakikisha.

Tena kuna faida nyingine ambayo tunaiona ni kubwa zaidi katika mji uliojaa uvumi. Kwenye simu zetu mtu anaandika uchochezi usiku, asubuhi umesambaa Uvira nzima, na aliyeuandika hajulikani. Mwandishi wa kitabu ameweka jina lake juu ya jalada. Akikaa mbele ya watu, lazima aonyeshe alivyojua anachokisema. Katika mji ambamo Wafuliiru, Wavira, Wabembe, Warundi na Wanyamulenge wana kila mmoja historia yake ya nani alifika wapi na lini, tungependa kuona waandishi wa historia hizo wakiulizwa hadharani, kwa heshima, na watu wa upande mwingine, kuliko kuona kila jamaa akibatiza kitabu chake katika ukumbi wake, mbele ya watu wake, wakipiga makofi. Hilo la pili tumeliona. Ni hatari, maana kitabu ambacho hakijaulizwa swali kinapata nguvu ya kiapo.

Tuje kwenye lugha, kwa kuwa ndipo mambo mengi yanapoharibikia.

Mazungumzo mengi juu ya vitabu katika miji yetu yanafanyika kwa Kifaransa. Mwandishi anasema Kifaransa, muongozaji anasema Kifaransa kigumu zaidi ili asionekane mdogo, na ukumbi unatikisa kichwa. Ukifika wakati wa maswali, mikono mitatu inainuka, ya walimu wawili na mwanasheria mmoja. Wengine wanangoja mlangoni, na pale mlangoni, kwa Kiswahili, ndipo mazungumzo ya kweli yanaanza! Tumesimama kwenye milango hiyo mara nyingi. Maswali mazuri kuliko yote tuliyoyasikia juu ya vitabu tuliyasikia nje, mwandishi akiwa ameshapanda moto na kwenda.

Katiba ya mwaka 2006 imekiweka Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Umoja wa Mataifa, kupitia UNESCO, umekipa Kiswahili siku yake, tarehe 7 Julai. Kila mwaka siku hiyo kunasemwa hotuba za kukisifu Kiswahili, na nyingine, tucheke kidogo, zinasemwa kwa Kifaransa.

Halafu kuna aibu ya pili: mtu anaogopa Kifaransa, na anaogopa hata Kiswahili, eti cha kwetu ni kibovu, kile «bora» kiko Tanzania. Woga huu umefunga midomo mingi. Ningependa wanaoona hivyo wamjue André Yav. Mwaka 1965, kule Lubumbashi, alikusanya historia ya mji ule kama ilivyosemwa na watu waliofanya kazi za boi katika nyumba za wazungu, akaiandika kwa Kiswahili cha pale pale, kama walivyokisema, bila kungoja ruhusa ya mtu wa Dar es Salaam. Mwaka 1990 mtaalamu Johannes Fabian alikitoa tena kitabu hicho pamoja na maelezo, na leo kinasomwa katika vyuo vikuu vya dunia. Kazi ya boi wa zamani, kwa Kiswahili cha Kongo. Na upande wa Lingala, Richard Ali Mutu aliandika riwaya yake Ebamba kwa Lingala, ikachapishwa na Mabiki, nyumba ya vitabu aliyoianzisha Bienvenu Sene Mongaba ili Wakongomani wasome katika lugha zao. Kiswahili cha Kivu kinangoja mtu wake.

Hata mkubwa wa wakubwa, Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Zanzibar aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2021, alikuwa ameandika vitabu vyake vyote kwa Kiingereza. Wasomaji wa Kiswahili walingoja hadi 2022 ndipo Ida Hadjivayanis alipotoa tafsiri ya Paradise, kwa jina la Peponi. Riwaya ile ya mwaka 1994 inasimulia msafara wa wafanyabiashara wa pwani unaoingia bara, kwa njia zile zile ambazo babu zetu waliziona zikipita. Ingekuwa furaha kubwa kusoma sura yake moja hapa Kalundu, karibu na maji, na kuwauliza wazee wa Uvira wanakumbuka nini juu ya misafara.

Wapo watakaosema kukaa kumsikiliza mwandishi ni desturi ya wazungu. Hapana. Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga, kule Walikale, mzee Candi Rureke alisimulia utendi wa Mwindo kwa siku 12, akiimba, akicheza, akiigiza, na watu wakimwitikia. Mtafiti Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, ambaye alikuwa Mnyanga mwenyewe, wakauandika, na kitabu kikatoka Marekani mwaka 1969. Siku 12! Sisi leo tunashindwa saa moja na nusu. Fiston Mwanza Mujila, mtoto wa Lubumbashi aliyezaliwa 1981 na anayekaa Graz huko Austria, anapoisoma riwaya yake Tram 83 mbele ya watu, hasomi kama mwalimu wa imla. Anapaza sauti, anarudia maneno kama chombo cha jazi, mwili mzima unasoma. Watu wa Ulaya wanashangaa. Mama yeyote wa Uvira aliyewahi kusimulia hadithi usiku, umeme ukiwa umekatika, hatashangaa sana.

Mfano mmoja tunauweka mbele kwa shule zetu. Gaël Faye alizaliwa Bujumbura mwaka 1982. Riwaya yake ya Petit Pays, inayosimulia mtoto wa Bujumbura wakati wa vita, na ambayo safari moja ndani yake inafika hadi Bukavu, ilipata mwaka 2016 tuzo iitwayo Goncourt des lycéens. Tuzo hiyo haitolewi na wazee wenye miwani. Inatolewa na wanafunzi wa sekondari, karibu 2,000, kutoka madarasa mengi ya Ufaransa. Kwa muda wa miezi miwili hivi wanasoma riwaya zaidi ya kumi, wanakutana na waandishi uso kwa uso, wanawauliza, wanabishana, halafu wanapiga kura. Fikirieni mwandishi mwenye jina kubwa akiulizwa na msichana wa miaka 16 kwa nini mtu fulani alikufa ukurasa wa mwisho. Na mtoto aliyeandikwa katika riwaya ile aliyeshinda mwaka ule ni jirani yetu, amekua ng'ambo ya Rusizi, ameogelea katika ziwa hili hili.

Wanafunzi wa Uvira hawana riwaya kumi. Lakini darasa la wanafunzi 40 linaweza kusoma kitabu kimoja kwa nakala tano, likisomwa kwa zamu, sura moja kwa siku, kwa sauti. Mwalimu yeyote wa Kifaransa aliyefundisha bila vitabu kwa miaka yote hii anajua namna ya kufanya.

Nasi tunaohudhuria tuna kazi yetu. Wale wanaokuja kwenye mazungumzo ya mwandishi bila kusoma hata kurasa tano, na ndio wa kwanza kuinua mkono, wanaua kikao. Tunawajua. Swali lao linaanza na «kwanza nashukuru», linapitia maisha yao, linagusa siasa ya Kinshasa, na baada ya dakika nane linaisha bila alama ya kuuliza. Swali zuri ni fupi. Huyu mama katika sura ya tatu, kwa nini hana jina? Ulitoa wapi habari ya mafuriko, ulikuwepo ama uliambiwa? Je, ndugu zako wamesoma kitabu hiki, na walisema nini? Mwandishi akikosa jibu, hiyo nayo ni habari, wala hakuna haja ya kumzomea. Na waandishi nao wapunguze hasira. Anayekuuliza kwa ukali amekusoma. Ogopa anayekusifu bila kukifungua kitabu.

Tunachopendekeza hakihitaji wizara. Kila kitabu kinachobatizwa Uvira kiwe na siku ya pili. Siku ya kwanza ni ya wakubwa, utepe na mnada, ibaki hivyo. Siku ya pili, baada ya majuma matatu au manne, iwe ya wasomaji. Kati ya siku hizo mbili, mwandishi aache nakala kumi mahali watu wanapoweza kuzisoma palepale: maktaba ya chuo kikuu kimoja, sekretariati ya parokia, ofisi ya chama cha akina mama, na moja kwa redio ya mji, ambayo ingeweza kusoma robo saa kila jioni. Nakala kumi zinaweza kulipwa na ule mnada: baba wa ubatizo anayetoa dola mia aambiwe wazi kwamba pesa yake imenunua nakala za wasomaji, na jina lake liandikwe ndani yake. Tunadhani wengi watafurahi zaidi na hilo kuliko kupigiwa makofi.

Kikao kiwe jumamosi saa nane mchana, si jioni, ili wasichana na mama wauzaji waweze kufika na kurudi kabla giza halijaingia. Kiwe kwa Kiswahili, na anayetaka kuuliza kwa Kifuliiru au Kibembe atafsiriwe na jirani yake. Hakuna viti vya mbele vyenye majina. Meya akija, karibu sana, akae na asikilize, na akitaka kuuliza ainue mkono kama wengine. Hotuba hakuna. Muongozaji awe mtu aliyesoma kitabu chote, hata kama ni mwanafunzi; tumechoka na waongozaji wanaogeuza kitabu wakitafuta jina la mwandishi kwenye jalada.

Na mpaka ukiwa wazi, tuwaalike wale wa alhamisi wa Bujumbura waje mara moja kutuonyesha wanavyofanya, nasi tuwapeleke mmoja wa waandishi wetu akaulizwe kwao. Nauli ni ya basi tu. Waandishi wa Bukavu wanaweza kushuka kwa njia ya Kamanyola na bonde la Rusizi siku ambazo barabara inapitika.

Tarehe 7 Julai inakuja kila mwaka, hotuba ziwepo zisiwepo. Siku hiyo ingefaa kwa kikao cha kwanza. Vijana wawili waliochapisha vitabu hapa mjini tumekwisha kuwauliza kama wangekubali kukaa kwenye kiti hicho na kuulizwa bila huruma. Mmoja alisema ndiyo mara moja. Wa pili alicheka, akauliza kama maswali yatatumwa mbele. Tulimwambia hapana. Anafikiri bado.